Kompyuta Haikosei, Inatii Tu

Kuna kauli moja imezoeleka hapa chuoni: "Mfumo ndivyo unavyosema." Ukienda kuulizia maksi zako, jibu ni hilo. Ukiuliza kwa nini jina lako halipo, jibu ni hilohilo. Mimi naona ni kauli ya hatari, na wa kunielewesha walikuwa marubani.

Machi 2015, ndege ya AirAsia X aina ya Airbus A330 ilikuwa Sydney, Australia, ikijiandaa kwenda Kuala Lumpur. Kabla ya kuondoka, kompyuta ya ndege huambiwa ndege imesimama wapi duniani. Nahodha akaingiza namba kwa mkono. Longitudo ilitakiwa iandikwe 15109.8, yaani nyuzi 151 na dakika 9.8 mashariki. Yeye akaandika 01519.8, yaani nyuzi 15. Tarakimu zinafanana kama mapacha, lakini kosa lenyewe lilizidi kilomita 11,000. Ndege iko Sydney, kompyuta inaamini iko baharini karibu na Cape Town!

Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilitii. Kulikuwa na nafasi kadhaa za kuligundua kosa, zikiwemo ishara na milio ya tahadhari, lakini halikutambuliwa hadi ndege ilipokuwa angani na kuanza kukata kushoto, kuelekea njia ya ndege zinazotumia barabara ya pili ya kurukia. Hali ya hewa Sydney haikuruhusu kurudi, wakaenda kutua Melbourne. Wote walikuwa salama.

Wa mwaka 1979 hawakuwa na bahati hiyo. Ndege ya Air New Zealand iliyopeleka watalii kuangalia Antaktika iligonga mlima Erebus, watu 257 wakafa. Usiku wa kuamkia safari, ofisini walikuwa wamerekebisha namba za njia kwenye kompyuta. Marubani hawakuambiwa. Walidhani wako juu ya bahari iliyoganda, kumbe mbele yao kuna mlima. Tazameni hapo: namba zilirekebishwa, lakini taarifa haikufika.

Ndiyo maana utaratibu wa marubani kabla ya kuruka unaonekana kama wa watu wasioaminiana. Data za njia kwenye kompyuta hubadilishwa kila siku 28, kwa hiyo kwanza wanaangalia tarehe: hizi ni za sasa au zimepitwa? Kisha wanapitia njia kituo kwa kituo, uelekeo na umbali, wakilinganisha skrini na mpango wa safari. Mmoja akiingiza, mwingine anahakiki. Wala si dharau. Ni kazi.

Sasa turudi kwetu walimu watarajiwa. Mwaka jana nikiwa BTP nilipewa maksi za kidato cha pili niziingize kwenye Excel. Nikapanga majina kwa alfabeti, nikasahau kuhamisha safu ya maksi pamoja nayo. Nikaprinti, nikabandika ubaoni, nikaenda kunywa chai. Binti mmoja aliyekuwa na 78 akasomeka ana 31. Karatasi yake ya mtihani alikuwa nayo mkononi, nimeisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Aliponifuata hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, labda hii karatasi ndiyo uliikosea?"

Jamani, swali lile sijalisahau. Mtoto aliacha kuamini alichokishika mkononi kwa sababu kompyuta imesema vingine.

Mwalimu mmoja mama mtu mzima ndiye aliyeniokoa. Akaniambia, "Kaa hapa, soma jina na maksi kwa sauti, mimi nafuata kwenye karatasi." Wanafunzi 46, dakika kumi na tano, tukamaliza. Hajawahi kukanyaga chumba cha marubani, lakini alifanya kilekile wanachofanya wao.

Najua mtasema madarasa yetu ni makubwa na muda hautoshi. Kweli. Lakini muda wa kuhakiki maksi tunauona mrefu kwa sababu anayeumia kosa likipita si sisi. Rubani anahakiki vizuri kwa sababu na yeye yumo kwenye ndege.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, kabla hatujaenda BTP tufundishwe kuhakiki maksi wawili wawili, kwa sauti, kama sehemu ya somo na siyo hisani. Pili, Wizara ya Elimu ya serikali yetu ya wanafunzi idai kwamba matokeo yawekwe kwanza ya muda, mwanafunzi apewe siku chache za kulinganisha na kazi zake kabla hayajafungwa. Kuna mwenzetu anaweza kuwa anajiandaa na sapu isiyo yake.

Na ukiambiwa tena "mfumo ndivyo unavyosema", uliza kwa adabu: nani aliuambia mfumo, na nani alihakiki?