Apendaye chongo huita kengeza: mashabiki wa Essendon na swali walilochelewa kuliuliza



Wapendwa wasomaji, wahenga walituachia methali isemayo: apendaye chongo huita kengeza. Mwenye kupenda hulitazama kosa la ampendaye kwa jicho la huruma, hulipunguza hata likawa dogo, kisha hulipa jina jingine lisilochoma. Wiki hii napenda tuitafakari methali hiyo kwa kuwatazama mashabiki wa klabu moja ya michezo huko Australia, klabu iliyokaa chini ya macho ya magazeti na televisheni kwa karibu miaka minne. Nimewachagua kwa sababu upendo wao haukuwa wa bandia, na kwa sababu kosa walilolitenda ni kosa ambalo kila mwenye kuipenda shule yake, chama chake au ukoo wake anaweza kulitenda.

Klabu hiyo ni Essendon, ya jiji la Melbourne. Mchezo wake ni kandanda ya Kiaustralia, nayo si kandanda tuliyoizoea. Mpira wake una umbo la yai. Hupigwa kwa mguu na pia hushikwa kwa mikono. Uwanja wake ni wa duaradufu, na kila upande huingiza wachezaji 18. Sheria zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Katika jiji hilo mtoto hurithi klabu kama arithivyo jina la babu yake. Mwenye kuzaliwa katika nyumba ya Essendon huvishwa jezi nyeusi yenye mshipi mwekundu uliopita begani kabla hajajua kutembea. Klabu imetwaa ubingwa mara 16, mara ya mwisho mwaka 2000, na nahodha wa kikosi hicho cha mwaka 2000 alikuwa James Hird. Huyo ndiye aliyerudi kuwa kocha mwaka 2011. Kwa mashabiki, ilikuwa kana kwamba mwana mpendwa amerejea nyumbani.

Tarehe 5 Februari 2013, viongozi wa klabu walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakiwa pamoja na kocha wao. Walisema wameomba uchunguzi kuhusu virutubisho walivyopewa wachezaji wao mwaka 2012. Ndipo mambo yalipoanza kufunuka. Mtaalamu wa sayansi ya michezo, Stephen Dank, aliendesha mpango wa kuwadunga wachezaji sindano nyingi, nyingine ndani ya klabu na nyingine nje yake. Wachezaji walitia saini fomu za kukubali. Daktari wa klabu alikuwa ameandika barua tangu Januari 2012 kueleza wasiwasi wake. Na zilipotafutwa kumbukumbu kamili za nani alidungwa nini, lini na kwa kiasi gani, hazikupatikana.

Agosti 2013 ligi ilitoa adhabu. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 2 za Australia, ikaondolewa katika hatua ya mtoano ingawa ilikuwa imefuzu, ikanyang'anywa nafasi za kuchagua vijana wapya, na Hird akafungiwa miezi 12. Ikafuata kesi ya wachezaji 34. Machi 2015 baraza la ligi lilisema ushahidi haukutosha kuwatia hatiani. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni likakata rufaa, na tarehe 12 Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, yenye makao yake Uswisi, ikaamua kwamba wote 34 walitumia dawa iliyokatazwa iitwayo thaimosini beta-4. Wachezaji waliokuwa bado uwanjani wakaukosa msimu mzima wa 2016. Dank, aliyefungiwa maisha na baraza la ligi mwaka 2015, amekana kutenda kosa.

Katika miaka hiyo yote mashabiki hawakunyamaza, na maoni yao yaligawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilisema: hizi ni njama za magazeti. Kamera zimepiga kambi nje ya nyumba ya kocha; habari za siri zinavuja kila wiki; klabu imehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Kundi la pili lilisema: Hird ni Hird, nasi tutasimama naye hata wakisimama wote upande wa pili. Kundi la tatu, ambalo mwanzoni lilikuwa dogo, lilisema: viongozi waondoke, kwa maana wametutia aibu. Makundi hayo matatu yalibishana vikali, lakini kwa muda mrefu yalikubaliana katika jambo moja bila kujua. Yote yalizungumza juu ya heshima: ya klabu, ya kocha, au ya mashabiki wenyewe. Wachache tu waliuliza kwa sauti: vijana wetu walidungwa nini?

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Tuwatendee haki kwanza waliolalamikia vyombo vya habari, maana hawakukosea kila kitu. Mfikirie Jobe Watson, nahodha wa wakati huo, mshindi wa medali ya Brownlow ya mwaka 2012, ambayo ni heshima kuu kwa mchezaji mmoja mmoja katika ligi hiyo. Juni 2013 aliulizwa katika televisheni, naye akajibu bila kuzunguka: alitia saini fomu, na aliamini kwamba alipewa dawa iitwayo AOD-9604, akiambiwa kuwa inaruhusiwa. Siku chache baadaye, timu yake ilipocheza Perth, watu walimzomea kila alipougusa mpira. Hatimaye hakuna mchezaji aliyeshitakiwa kwa dawa hiyo. Basi, kijana aliyesema alichokijua alizomewa uwanjani, ilhali wakubwa waliopaswa kujua zaidi waliendelea kuzungumza kupitia mawakili. Umma unaomzomea mkweli huwafundisha wengine kunyamaza. Magazeti yaliyoigeuza habari hiyo kuwa tamthilia ya kila jioni yanalo la kujibu.

Lakini kosa la mwandishi haliifuti dhambi ya mwenye nyumba. Kioo kinaweza kuwa na ufa, na bado uso ukawa na doa. Si gazeti lililoagiza sindano. Si kamera zilizopoteza kumbukumbu. Uchunguzi ulioagizwa na klabu yenyewe, ukafanywa na Ziggy Switkowski, ulieleza mwaka 2013 kwamba ndani ya klabu mlikuwa na mazingira ya majaribio ya dawa yasiyodhibitiwa ipasavyo. Hayo hayakuandikwa na adui. Na Januari 2016 mahakama moja mjini Melbourne iliitoza klabu faini ya dola 200,000 kwa kushindwa kuwapa wafanyakazi wake mahali salama pa kazi, baada ya klabu yenyewe kukiri kosa. Hukumu hiyo ilitajwa kidogo kuliko ile ya Uswisi, nami naiona kuwa ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa haikuuliza kama Essendon iliwaibia wapinzani ushindi. Iliuliza kama Essendon iliwatunza vijana wake, na jibu lilikuwa hapana.

Wako watakaosema: baraza la kwanza liliwaachilia wachezaji, la pili likawatia hatiani, nani ajuaye haki iko wapi? Ni hoja ya kuheshimiwa, na watu waadilifu wametofautiana juu yake. Mahakama ya Uswisi iliona kwamba wachezaji wenyewe hawakuzitaja sindano hizo katika fomu za vipimo. Watetezi wao husema ni vijana waliowaamini wakubwa wao. Hata hivyo, angalia mzizi wa ubishi wote. Kama kumbukumbu zingalikuwapo, mabaraza hayo mawili yasingalihitaji kutafuta ukweli kwa kukisia na kuunganisha vipande. Mwenye kusema vijana walionewa na mwenye kusema walistahili adhabu, wote wawili wanapaswa kuisimamisha klabu na kuiuliza swali lile lile: ziko wapi kumbukumbu?

Na swali hilo halikuwa la mwandishi wala la mwanasheria peke yao. Lilikuwa swali la shabiki kuliko mtu mwingine yeyote. Mwandishi hutafuta habari na mwanasheria hutafuta ushindi. Anayedai kumpenda kijana ndiye anayepaswa kuuliza habari za mwili wake. Kulikuwa na wazazi waliolala wakiwaza ni kitu gani kimeingia katika damu ya watoto wao, na kama kitawadhuru baada ya miaka 20. Wazazi hao hawakuhitaji bango la kumtetea kocha. Walihitaji umati wa watu wenye jezi ile ile usimame nyuma yao na kusema: tuambieni.

Wahenga walisema pia: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mashabiki walichelea kuiliza klabu yao mwaka 2013, wakalia wao mwaka 2016.

Kuna jambo moja dogo ambalo hunirudia kila ninapoifikiria habari hii. Mwanzoni mwa mwaka 2013 klabu ilikuwa ikiwaita wanachama kwa kaulimbiu yenye maana ya «Lolote litakalohitajika». Kashfa ilipolipuka, kaulimbiu iliondolewa haraka. Ni rahisi kucheka. Lakini kaulimbiu haiwekwi ukutani isipokuwa wenye kuiweka wamejua kwamba watu wataipenda. Shabiki akikaa miaka mingi akiwaambia viongozi wake kwamba hataki sababu, anataka kikombe, asishangae siku moja wakimsadiki. Hitaji la ushindi kwa gharama yoyote halikuzaliwa katika ofisi ya mtaalamu wa sindano. Lilikuwa limekwisha kuimbwa majukwaani.

Nisingependa kuwaacha hapo, maana mashabiki hao hao walitupa pia somo jema.

Mwaka 2016 klabu iliingia msimu bila wachezaji wake 12 waliofungiwa. Iliruhusiwa kukusanya wachezaji 10 wa kuziba pengo, baadhi yao wakiwa wamekwisha kustaafu au kuachwa na klabu zao. Kila mtu alijua wataburuzwa. Walishinda michezo 3 kati ya 22 na kushika mkia, jambo ambalo halikuwa limewapata tangu mwaka 1933. Hata hivyo, watu zaidi ya 57,000 walilipia uanachama wa mwaka huo. Walilipa huku wakijua kwamba hakuna kikombe, wala heshima, wala kocha shujaa, kwa kuwa Hird alikuwa amejiuzulu Agosti 2015. Mwezi Aprili, kikosi hicho cha kuungaunga kilipoishinda Melbourne katika uwanja mkuu wa MCG, mashabiki walishangilia kama waliotwaa ubingwa. Na Machi 2017, waliofungiwa waliporudi kucheza dhidi ya Hawthorn, zaidi ya watu 70,000 walijaa uwanjani hapo.

Tofauti iko wapi kati ya uaminifu wa 2013 na ule wa 2016? Ule wa kwanza ulijifunga kwa viongozi na kwa jina. Ulikuwa mwepesi wa hasira, na kila aliyeuliza swali aliitwa adui. Ule wa pili ulijifunga kwa watu: vijana waliokuwa wamebeba mzigo ambao wakubwa waliwatwika. Ule wa kwanza ulisema, hatuna kosa. Ule wa pili ulisema, kosa lipo, nasi tupo. Mimi nausifu wa pili.

Novemba 2016 Jobe Watson aliirudisha medali yake ya mwaka 2012, nayo wakapewa wachezaji wawili waliomfuata kwa kura, Trent Cotchin na Sam Mitchell. Kati ya watu wote wa mkasa huu, nahodha aliyesema mapema ndiye aliyelipa kwa kitu alichokithamini mno. Sijui shabiki gani wa kweli anaweza kuikumbuka siku hiyo bila kujiuliza: tulipokuwa tukipiga kelele juu ya magazeti, nani alikuwa akimtetea huyu?

Wapendwa, kila mmoja wetu anayo Essendon yake: taasisi anayoipenda, ambayo jina lake likitajwa vibaya moyo humwenda mbio. Siku itafika ambapo jina hilo litaandikwa gazetini kwa ubaya. Siku hiyo, kabla hatujauliza ni nani aliyeandika na ana nia gani, tuulize kwanza ni nani aliyeumizwa. Akiwapo, tusimame upande wake hata kama kwa kufanya hivyo tutaonekana wasaliti. Chongo tuliite chongo, kisha tubaki pale pale kando ya mgonjwa mpaka atibiwe.