Betri ndogo ya rimoti, hatari kubwa kwa mtoto

Rimoti nyembamba ya sabufa haikawii kuchosha watu. Vitufe hugoma, kidroo cha betri hulegea, na mwisho wake hufungwa kwa selotepu au rababendi. Iwe Kilosa mjini au Mikumi, kero hiyo inajulikana. Lakini mzazi, kidroo hicho kikilegea, betri huanguka, na mtoto ndiye wa kwanza kuiona.

Ni betri bapa, ya mviringo, inayong'aa kama sarafu. Wengi huiita betri ya saa. Ipo pia kwenye vipimajoto vya kidijitali, mizani ndogo, rimoti za magari na midoli inayoimba.

Yenye upana wa milimita 20 ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu hunasa kwenye umio, yaani mrija wa chakula. Ikigusana na unyevu, umeme wake hutengeneza kemikali kali ya jamii ya kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Saa 2 zinatosha kuunguza vibaya. Hata betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kuunguza.

Dalili hudanganya: kutoka udenda, kukohoa, kutapika, kukataa chakula. Mzazi anaweza kudhani ni mafua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote.

Ukishuku mtoto amemeza betri, usimtapishe wala usimpe chakula. Kimbia hospitali yenye eksirei, useme mapema kwamba huenda ni betri, na ubebe rimoti au betri inayofanana nayo. Kama ana zaidi ya mwaka 1, anaweza kumeza na asali ipo karibu, mpe vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua tu. Haitoi betri, na usipoteze muda kuitafuta. Chini ya mwaka 1 asipewe kabisa.

Kwa mkazi wa Mikumi, mji wa Morogoro uko zaidi ya kilomita 100, na barabara inapita hifadhini ambako magari hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Saa 2 ni chache. Ulizia leo, kabla ya dharura, ni hospitali ipi iliyo karibu yenye eksirei inayofanya kazi usiku.

Dukani, kabla ya kulipa, geuza rimoti au mdoli uone mfuniko wa betri. Chagua unaofungwa kwa skrubu, au kifaa kinachotumia betri ndefu za kawaida. Rimoti ya zamani ambayo kidroo chake hakifungi, toa betri uiweke juu, mbali na watoto. Iliyokwisha izungushie selotepu pande zote kabla ya kuitupa.

Sabufa ina vitufe vyake mbele. Kuinuka kupunguza sauti si kazi kubwa.