Simba Wawili wa Mtaa wa Banda



Tupitapo Mtaa wa Banda jijini Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, sanamu za simba wawili hutulaki mbele ya nguzo ndefu za Maktaba ya McMillan. Wengi wetu tumepiga picha hapo. Wachache tumepanda ngazi na kuingia.

Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, kwa juhudi za Bibi Lucie McMillan, iwe kumbukumbu ya marehemu mumewe. Ilikuwa zawadi njema yenye dosari kubwa: kwa zaidi ya miaka 20 Wazungu peke yao ndio waliosoma humo. Mwafrika mwenye kiu ya elimu alipita nje.

Baadaye mlango ulifunguliwa kwa wote, na matawi yakawapo Kaloleni na Makadara, karibu na makazi ya wafanyakazi. Je, tumeutumiaje mlango huo? Wapo wasemao kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu. Hatukubaliani nao. Mtoto anayeishi chumba kimoja na ndugu watano hakosi habari tu. Anakosa meza, mwanga na utulivu. Hivyo ndivyo maktaba impavyo, bila kumwuliza yeye ni mtoto wa nani.

Basi wenye mamlaka ya jiji wasitunze kuta wakasahau vitabu. Nanyi wazazi, washikeni watoto mkono, mpande nao ngazi zile. Mlango waliofungiwa babu zetu, tusijifungie wenyewe kwa uvivu.