Habari ya Maradhi Itangulie Maradhi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii, mpenzi msomaji, humsifu mgeni ajaye na heri. Lakini wapo wageni ambao wakiingia, mwenyeji haponi. Huugua yeye pamoja na shamba lake. Lugha yetu inawaita viumbe vamizi, na neno hilo limetokana na kitenzi "vamia", yaani kuingia mahali kwa nguvu bila ya idhini. Leo ninataka tumtafakari mvamizi mmoja asiye na miguu wala mabawa, ambaye husafiri kwa kubebwa na sisi wenyewe.

Mvamizi huyo ni kuvu, jamii ya ukungu, iishiyo udongoni na kuingia katika mgomba kupitia mizizi. Wataalamu huiita TR4, na maradhi yake huitwa mnyauko fuzari. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni, kisha hukauka na kuning'inia kulizunguka shina. Ukilipasua shina, utaona ndani michirizi ya rangi ya kahawia. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa, na kuvu hii huweza kudumu ardhini kwa miongo ya miaka hata baada ya mgomba wa mwisho kung'olewa. Huenea kwa machipukizi ya kupandia, kwa tope la viatu na majembe, na kwa maji yatiririkayo shambani.

Mwaka 2013 kuvu hii iligunduliwa katika shamba kubwa la ndizi za biashara katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Kati ya Nampula na Cabo Delgado upo Mto Lúrio tu. Mwaka 2019 ikaonekana Mayotte, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa imefika Ngazija, katika Visiwa vya Komoro. Ifungue ramani uitazame pwani ya Cabo Delgado, kutoka Pemba, kupita Ibo na Mocímboa da Praia, hadi Palma na mlango wa Mto Ruvuma. Maradhi yako kusini mwake, na yako ng'ambo ya bahari upande wa mashariki. Ukiuvuka Ruvuma kuelekea kaskazini, umeingia Mtwara.

Sasa fikiria mama mmoja wa pwani hiyo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na vilivyoifikia Palma kwa kishindo mwezi Machi 2021, viliwatawanya watu kwa maelfu; wengi walikimbilia kusini, baadhi yao hadi Nampula. Tuseme mama huyu sasa anarejea kwao, na jirani mwema aliyemhifadhi anampa machipukizi matano ya mgomba akaanzie maisha. Kwa macho ni mazima, kwani chipukizi lililoambukizwa huweza kuonekana halina dosari. Je, akiyapokea na kuyabeba, ni nani atakayemlaumu? Mimi simlaumu. Ninauliza swali jingine: ni nani aliyemwambia?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Maarifa juu ya kuvu hii yapo tele. Watafiti wa mabara mbalimbali wameyachapisha, nao husomana vizuri. Lakini wameyaandika kwa Kiingereza, na pengine kwa Kireno, ilhali mama huyu huzungumza Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Maarifa ambayo hayajamfikia mshika jembe hayajafika, yamekomea njiani.

Wala haitoshi kumwambia kwamba kuna "mnyauko". Upo mnyauko mwingine wa migomba, uletwao na bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na Kagera, Tanzania, mwaka 2006. Huo huweza kuenezwa na wadudu watuao juu ya maua, ndiyo maana wakulima hushauriwa kuliondoa ua dume mapema. Ushauri huo ni mwema, lakini hauizuii kuvu iingiayo kwa mizizi. Mkulima asiyepewa majina mawili kwa maradhi mawili anaweza kutenda jambo sahihi kwa maradhi yasiyo yake. Kukosea neno hapa ni kupoteza shamba.

Wapo wasemao kwamba kutangaza maradhi ni kuwafukuza wanunuzi. Hofu hiyo ina msingi, kwani nchi ikitaja mdudu au ugonjwa mpya, matunda yake huweza kukataliwa mipakani. Hata hivyo, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951 unazitaka nchi wanachama kupeana taarifa za milipuko ya namna hii. Msumbiji ilipitisha sheria ya haki ya kupata habari mwaka 2014, na Tanzania ikapitisha yake mwaka 2016. Basi habari ya maradhi ya mgomba ni haki ya raia kama ilivyo habari ya bajeti. Na haki inayotolewa kwa lugha asiyoielewa mwenye haki ni sawa na mlango uliofunguliwa usiku kwa kipofu asiyeambiwa ulipo.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, matokeo ya vipimo yasomwe redioni na misikitini, sokoni na bandarini, kwa lugha za wenyeji wa pande zote mbili za Ruvuma. Pili, wanaowasaidia wanaorejea makwao wawape miche safi iliyokuzwa maabara, maana kumkataza mtu kubeba chipukizi bila ya kumpa badala yake ni kumnyima chakula. Tatu, habari zipande pia kutoka shambani kwenda kwa mtaalamu. Mkulima ndiye huliona jani la kwanza la manjano. Lakini iwapo malipo ya kusema kwake ni kung'olewa migomba bila ya fidia, atanyamaza, na nani atamshangaa?

Nawe, mwanafunzi wa Kiswahili, usidhani jambo hili ni la mabwana shamba peke yao. Tafuta maelezo ya maradhi haya kwa lugha uijuayo, uyaandike kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, kisha umsomee mkulima mmoja na umwombe akusahihishe maneno. Ukishasahihishwa, mpe ukurasa huo anayesafiri kuelekea Mtwara au Palma. Machipukizi nayo yanasafiri njia hiyo hiyo.