Tumeiona Guangzhou, Kalambo Hatujaiona

Ndugu msomaji, wahenga wametuusia kwamba tutembee tuone. Hawakutuambia tuanzie wapi, nami naona hapo ndipo wengi wetu tulipopotea njia.

Hapa Sumbawanga siku hizi si ajabu kukutana na mtu aliyefika Guangzhou, kusini mwa China. Wafanyabiashara wetu huenda huko kununua nguo, simu na vipuri, na wakirudi hutusimulia. Masimulizi yenyewe ni mawili tu: kwamba maghorofa ni marefu mno, na kwamba Wachina hula kila kitembeacho. Nathubutu kusema kuwa hayo ni masimulizi ya watu waliosafiri na macho, akili wakaiacha nyumbani. Nasema hivyo bila kuogopa kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao.

Nilikwenda kwa siku nne, nikimsindikiza mpwa wangu afanyaye biashara ya nguo. Tulifikia mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi wamezoea kufikia. Yeye alishinda madukani, mimi nikazurura. Asubuhi ya kwanza tuliingia katika nyumba ya chai. Humo nilikuta wazee wa rika langu wamekaa na magazeti yao, na wajukuu wakiwa pembeni. Chai hutangulia, kisha huja vikapu vidogo vya mianzi vitokavyo mvuke, ndani yake mna vitumbua vya kamba, miguu ya kuku, na mikate laini ya unga wa mchele. Mtu akikumiminia chai, wagonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante yako. Hakuna aliyekuwa na haraka. Wachina wenyewe husema kwamba anayetaka kula vizuri aende Guangzhou, na wenyeji wanalijua hilo na kulionea fahari.

Mpwa wangu alipoiona miguu ya kuku alicheka. Nami nilicheka, kisha nikakumbuka kumbikumbi. Nani kati yetu tuliokulia Ufipa hakuwahi kuwakimbilia mvua za kwanza zilipowatoa ardhini? Basi tunacheka nini?

Siku ya tatu tulikwenda kuuona mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600, uliofunguliwa mwaka 2010 kando ya Mto Zhujiang. Tukiwa katika foleni, msichana mmoja mwanafunzi alituuliza kwa Kiingereza tumetoka wapi na kwetu kuna nini cha kutazama. Nilimjibu haraka: Serengeti na Kilimanjaro. Akaniuliza kama ninaishi karibu na huko. Ndugu msomaji, nilikwama. Mimi ni mtu wa Rukwa. Sikumtajia hata kitu kimoja cha kwetu, na sababu ni kwamba sikuwa nimekwenda kukiona. Nilipanda ndege kuvuka bahari kutazama mnara, hali maporomoko ya Kalambo, safari ya siku moja tu kutoka kwangu, sikuwa nimeyatia machoni.

Maporomoko hayo, mpakani mwetu na Zambia, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, takriban mara mbili ya yale ya Victoria. Juu yake kidogo, upande wa Zambia, wataalamu walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale. Mwaka 2023 walitangaza kuwa yana umri wa miaka ipatayo 476,000. Dunia nzima ilisoma habari hiyo. Je, katika shule zetu ni watoto wangapi walioisikia?

Aidha, kuna malungu. Wazee wetu wa Ufipa walijenga tanuri za udongo, ndefu kumpita mtu, wakayeyusha chuma kwa upepo uingiao wenyewe kupitia matundu ya chini, bila kuvukuta. Jembe lililotokana na chuma hicho ndilo lililolima intumba, yale matuta ya mviringo ambamo nyasi huzikwa zioze ziwe mbolea. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini, mengine yamebomoka. Guangzhou nilionyeshwa jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894, ambalo leo ni makumbusho ya sanaa za mikono. Nalo lingeweza kuachwa lianguke.

Niliporudi niliingia katika mkahawa mmoja wa hapa mjini, nikaagiza ugali wa ulezi na maharage. Mhudumu alinitazama kwa mshangao. "Mzee," akaniambia, "hicho si ni chakula cha nyumbani?" Akaniletea chipsi. Sikumlaumu yule binti. Tumemfundisha sisi kwamba cha nyumbani hakifai kuwekewa meza.

Mpwa wangu hunibishia. "Mjomba," husema, "wale wana fedha. Tupate fedha kwanza, fahari itafuata." Hoja hiyo siikubali. Desturi ya chai ya asubuhi ilikuwapo Guangzhou kabla ya mnara, wakati watu wake wengi walikuwa maskini. Kupika ulezi vizuri hakungoji msaada wa mfadhili. Kumpeleka mtoto kuona lungu ni kazi ya mwalimu mwenye miguu na mzee mwenye kumbukumbu. Kinachotupungukia hapo si fedha.

Sisemi watu wasiende China. La hasha! Waende, wanunue, wale miguu ya kuku, wagonge meza kwa vidole viwili. Lakini warudi na swali lile nililoulizwa katika foleni. Mimi jibu langu nililifuata mwezi uliofuata, nikiwa na wajukuu watatu, ukingoni mwa Kalambo. Mdogo wao aliniuliza, "Babu, mbona hukutuleta zamani?"

Wenye mikahawa wa Sumbawanga, walimu wa Ufipa, nanyi mliokwisha kupanda ndege: swali hilo ni lenu pia. Usiache mbachao kwa msala upitao.