Asiyekubali kushindwa si mshindani

Neno "msimu" tulilipokea kutoka kwa Waarabu, nao Wareno wakalichukua na kulifikisha kwa Waingereza, likawa katika lugha yao jina la pepo za Bahari ya Hindi. Wazee wa mwambao walipotaja msimu walikusudia kipindi kizima cha pepo zilizoleta majahazi, miezi ya kungoja, kupakua, kuuza na kununua. Hakuna nahodha aliyeupima msimu kwa siku moja ya shwari. Nimelitafakari neno hili kwa sababu ya habari mbili ambazo, kwa mtazamo wa kwanza, hazina uhusiano wowote: ushindi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers huko Marekani mwaka 2025, na kuanza kwa Gredi ya 10 katika shule zetu za sekondari pevu mnamo Januari 2026.

Habari hii ya pili inawahusu walimu na wanafunzi wa Kitui na Makueni moja kwa moja. Mtaala wa umilisi umeweka mikondo mitatu katika sekondari pevu, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza, mwanafunzi wa Mutomo au wa Kibwezi anaruhusiwa rasmi kuufanya mchezo kuwa somo lake, na pengine riziki yake. Swali linalonikera ni hili: mwanafunzi huyo atacheza mechi ngapi kwa mwaka?

Kabla ya kulijibu, na tuwatazame hao Dodgers. Besiboli ni mchezo ambao mmoja hurusha mpira, mwenziwe wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akirejea alikoanzia, timu yake hupata alama. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Maana yake ni kwamba hucheza takriban kila siku. Baada ya hapo timu bora huingia katika mchujo wa kutafuta bingwa.

Mwaka 2025 Dodgers walishinda mechi 93 na kushindwa mechi 69 katika msimu huo mrefu. Walikutana na Milwaukee Brewers mara sita, wakafungwa mara zote sita. Ilipofika Oktoba, timu hizo mbili zikakutana tena katika mchujo, na safari hii Dodgers wakashinda mara nne mfululizo. Kisha wakawashinda Toronto Blue Jays kwa mechi nne dhidi ya tatu, ya mwisho, iliyoanza tarehe 1 Novemba, ikimalizika baada ya zamu 11 badala ya 9 za kawaida, kwa alama 5 kwa 4. Wakawa mabingwa kwa mwaka wa pili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu New York Yankees watwae ubingwa miaka ya 1998, 1999 na 2000.

Naomba msomaji azingatie hesabu hiyo. Bingwa alishindwa mara 69. Lau ubingwa ungeamuliwa kwa mechi moja, na mechi hiyo ikawa mojawapo ya zile sita dhidi ya Milwaukee, Dodgers wangerudi nyumbani na hakuna ambaye angejua uwezo wao. Tena katika mchezo huo mpigaji anayefaulu mara tatu katika majaribio kumi huhesabiwa kuwa bora. Ukimtazama siku moja utamwona hafai kitu; ukimtazama miezi sita utatambua kwamba ni hodari. Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu tunaitumia methali hiyo kumliwaza aliyefungwa. Mimi naiona pia kuwa kanuni ya kumpima mchezaji: kipaji hakithibitiki mpaka kipewe nafasi ya kushindwa mara nyingi na kurudi uwanjani.

Na turejee nyumbani sasa. Mashindano ya shule zetu hupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo hadi taifa, na kila mchezo una muhula wake. Mara nyingi timu hucheza mechi chache katika siku chache, na iliyofungwa hufunga virago. Chukua shule nane zinazochujana kwa mtindo wa ashindwaye atoke. Mechi zote ni 7. Shule nne hucheza mara moja tu na msimu wao umekwisha. Mbili hucheza mara mbili. Mbili za fainali hucheza mara tatu. Shule nane hizo hizo zikicheza ligi ya nyumbani na ugenini, kila moja itacheza mechi 14, na jumla itakuwa mechi 56. Tofauti ya 7 na 56 ndiyo tofauti kati ya mwanafunzi anayeonja mchezo na mwanafunzi anayejifunza mchezo.

Je, nje ya shule kuna pa kukimbilia? Katika msimu wa 2024/25 ligi kuu ya soka ya Kenya ilikuwa na klabu 18, na Kenya Police ndiyo iliyotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Kati ya klabu hizo 18 hapakuwa na hata moja yenye makao Kitui au Makueni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, yaani zaidi ya watu milioni mbili. Kwa vijana wa umma huo, shule ndiyo ligi. Shule ikiwapa siku tatu kwa mwaka, basi siku tatu ndizo watakazopata.

Yamkini yupo atakayesema kwamba mfano wa Dodgers ni wa matajiri. Ni kweli, nami siufichi ukweli huo. Mchezaji wao Shohei Ohtani alitia saini mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka kumi mwezi Desemba 2023. Hatuwezi kuuiga utajiri huo, wala hatuna haja. Tunachoweza kuiga ni mpango wa kucheza mara nyingi na kuweka kumbukumbu, na mambo hayo hayahitaji mamilioni. Majirani zetu Waganda wametupa ushahidi. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Marekani, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa tarehe za kuzaliwa katika hati zao. Badala ya kukata tamaa, Uganda ilirudi mwaka uliofuata, na timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano hayo. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia saini mikataba na hao hao Dodgers. Kizuizi cha 2011 kilikuwa karatasi, na walimu wetu wanaohangaika kila mwaka na vyeti vya kuzaliwa vya wachezaji wanaelewa uzito wake.

Sisemi kwamba Kitui na Makueni ziache soka, voliboli na riadha zishike gongo. Ninayoyasema yanaufaa mchezo wowote. Na watu wa Ukambani hawana haja ya kufundishwa na Marekani maana ya kulimbikiza kidogo kidogo, kwani wao ndio mabingwa wa bwawa la mchanga. Ukuta hujengwa kukingama mto wa msimu. Mvua ya kwanza huleta mchanga kidogo nyuma ya ukuta, mvua ya pili huongeza, na baada ya misimu kadhaa mchanga hujaa na kuhifadhi maji ndani yake mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Mkulima haulaani ukuta kwa kuwa mvua moja haikuujaza. Mbona basi tunamhukumu mchezaji wa miaka kumi na sita kwa alasiri moja?

Pingamizi lililo zito zaidi ni la nauli na la muda. Kaunti ya Kitui ina eneo la kilomita mraba zipatazo 30,000, na safari ya kutoka Kyuso hadi Ikutha si jambo la kufanywa kila Ijumaa. Aidha mwalimu amelemewa na vipindi, na miaka ya ukame mzazi hana shilingi ya ziada. Ndiyo maana napendekeza ligi ndogo za jirani, shule sita au nane zinazofikiana kwa miguu au kwa safari fupi, mechi moja kwa wiki, wavulana na wasichana, kwa muda wa mihula miwili. Utaratibu wa mwethya, ambao kwao Wakamba wamechimba mitaro na kujenga mabwawa kwa kushirikiana, unaweza kuandaa viwanja na kugawana uamuzi wa mechi. Mchujo wa kaunti ubaki kama ulivyo, lakini uje baada ya ligi, jinsi Oktoba ya besiboli inavyokuja baada ya mechi 162.

Jambo la mwisho ni daftari. Katika karne ya 19 mwandishi wa habari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, alibuni jedwali la kuandika alichofanya kila mchezaji katika kila mechi ya besiboli. Kwa sababu ya majedwali ya namna hiyo, Mmarekani wa leo anajua nani alipiga vipi miaka mia iliyopita. Sisi hatujui ni nani aliyefunga mabao mangapi katika zoni yetu mwaka juzi. Mwanafunzi mmoja na daftari moja wangetosha. Mwalimu wa hisabati angepata wastani na asilimia za kufundishia, mwalimu wa Kiswahili angepata ripoti za kuandikwa, na siku mtafuta vipaji atakapofika Wote au Mwingi angekuta ushahidi wa mechi 14 badala ya sifa za mdomoni.

Serikali imefungua mkondo wa michezo, na kwa hilo inastahili pongezi. Lakini mkondo usio na maji ni korongo tu. Walimu wakuu wa Kitui na Makueni hawana haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi ili shule nane jirani zipange ratiba. Wakutane muhula huu, wachore jedwali la mechi 56, na wawaache watoto washindwe mara nyingi kadiri inavyohitajika mpaka wajue kushinda.