Mbalamwezi Si Dhambi

Wampembe, chini ya genge ambako nyanda za Ufipa zinaishia na Ziwa Tanganyika linaanza, riziki huja na giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika ufukweni, na daftari la madeni dukani linaongezeka kurasa. Mwaka 2024 mapumziko yalikuwa marefu zaidi: kuanzia Mei 15 serikali ilisitisha uvuvi ziwani kwa miezi 3 ili samaki wazaliane.

Sasa mwambie mvuvi wa hapo kwamba anayetoa kwa imani hapungukiwi. Injili hiyo ya mafanikio inapenya kwa redio na simu hata kusikofikika kwa gari. Ukiifuata mpaka mwisho, mbalamwezi inakuwa upungufu wa imani, na nyavu zilizoanikwa zinakuwa ushahidi wa dhambi. Sioni kosa mtu kutamani mali. Nani asiyetaka injini ya boti? Kosa ni kumtwisha hatia mtu aliyekwishalala njaa. Na tamaa inayochochewa na injili hiyo imeshatoa roho za watu: Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwenye msongamano wa ibada mjini Moshi, katika Uwanja wa Majengo, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako.

Mahubiri ya upande wa pili nayo yana walakini. Mhubiri anashuka kwenye gari la kanisa, anawahimiza wenye deni dukani waridhike, mali ya dunia ni ubatili. Waumini huguna, na wana haki ya kuguna.

Mimi ningewakumbusha wahubiri wa pande zote mbili habari za Adrian Atiman wa Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hilihili. Aliibwa utotoni karibu na Mto Niger, akauzwa utumwani, wamisionari wa Mapadri Weupe wakamkomboa Algeria, kisha akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, na hapo alibaki, akitibu na kufundisha dini, hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa ujuzi ule angeweza kutafuta malipo bora kwingine. Leo hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Ninachokiona kwake ni hiki: kutosheka lilikuwa sharti alilojiwekea mwenyewe. Hakuwahubiria wagonjwa waridhike na homa, aliwatibu. Roho yake ilishiba kwa kuhangaikia miili ya wengine.

Kwa hiyo mahubiri ya kuridhika yaanze kwa mwenye chombo, hasa pale dagaa wanapogawanywa kati yake na vijana waliokesha majini. Yafike na ofisini parokiani. Mhubiri yeyote wa Wampembe, awe wa baraka au wa subira, aulizwe jambo moja: ziwa lilipofungwa, sadaka ilikwenda nyumba ya nani?